Tezi za Juu ya Mafigo na Akili ya Mwenye Dhiki



Iko desturi katika majumba yetu, katika shule zetu na katika maofisi yetu, ya kumkemea mtu aliyesahau; na kadiri anavyozidi kusahau ndivyo tunavyozidi kumkemea, kwa itikadi kwamba hofu ndiyo inayoiamsha akili iliyolala. Mwanafunzi aliyelikosa jibu alilolijua jana hupigwa. Karani aliyepoteza barua hutishwa kufukuzwa. Mjane ambaye miezi sita baada ya msiba bado anatia chumvi mara mbili katika chungu kimoja huambiwa ajikaze. Makusudio yangu jioni ya leo ni kuwaonyesha, kwa ushahidi uliokusanywa na matabibu na wanachuoni kwa muda wa zaidi ya karne moja, kwamba itikadi hiyo imegeuza mambo juu chini: hofu isiyokoma huidhuru akili kwa njia ya mwili, njia hiyo inajulikana hatua kwa hatua, na dhara lenyewe aghalabu hupona iwapo sababu yake itaondolewa.

Kila mmoja wetu anazo tezi mbili, moja imekaa juu ya figo la kulia na moja juu ya figo la kushoto, na kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Ukiikata utaona sehemu mbili zisizofanana: gamba la rangi ya manjano kwa nje, na kiini chenye wekundu wa kuiva kwa ndani. Kiini ndicho kitoacho adrenalini, ile inayoufanya moyo uende mbio mara tu mtu anaposhtuka; gamba ndilo litoalo kotisoli, ambayo hufika baadaye kidogo na kukaa zaidi, nayo ndiyo mada yetu. Tezi hizi zilielezwa katika karne ya 16 na Bartolomeo Eustachi, mwanachuoni wa Kitaliani aliyefanya kazi Roma, walakini kwa muda wa karibu miaka 300 hapakuwa na mtu aliyejua kazi yake. Mwaka 1855 Thomas Addison, tabibu wa Guy's Hospital mjini London, aliandika habari za wagonjwa waliokuwa wakidhoofu, wakikonda na kuingia weusi wa ngozi mpaka wakafa, na alipowapasua aliziona tezi hizo zimeharibika, kwa wengi wao kwa sababu ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata mtafiti aitwaye Brown-Séquard alizitoa tezi hizo katika wanyama, na wanyama wale wakafa. Ikawa dhahiri ya kuwa bila ya tezi hizi hapana uhai.

Ilibakia kujulikana nini humpata mtu zinapozidisha kazi. Mwaka 1912 mpasuaji wa Kimarekani, Harvey Cushing, alieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa na uso ulioviringana, kiwiliwili kilichonenepa juu ya miguu myembamba, na maumivu ya kichwa yasiyomwachia. Na mwaka 1932 akakusanya wagonjwa wa namna hiyo, akaonyesha kwamba kwa wengi wao chanzo ni uvimbe mdogo katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Leo twajua kwamba uvimbe huo huziamrisha tezi za juu ya mafigo kumimina kotisoli usiku na mchana bila ya kupumzika. Na matabibu wanaowauguza watu hawa hawaelezi umbo la mwili peke yake. Wanaeleza pia hamaki isiyo na sababu, majonzi mazito, usingizi wa kukatikakatika, na mtu aliyekuwa mwepesi wa fahamu kushindwa kuifuata hesabu ndogo au kukumbuka aliyoambiwa asubuhi.

Ushahidi wa pili ulikuja kwa njia ya furaha. Katika miaka ya 1930 Edward Kendall huko Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi waliweza kuzitenga homoni za gamba la tezi hizi na kupata dawa zake, mojawapo ikiwa kotisoni, ndugu wa kotisoli. Na mwezi wa Septemba mwaka 1948 Philip Hench, tabibu wa Mayo Clinic, alimpiga sindano ya kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, ambaye kugeuka kitandani kwake kulikuwa taabu. Baada ya siku chache mwanamke yule aliinuka akatembea, akaenda madukani kwa miguu yake. Dunia ilistaajabu, na mwaka 1950 mabwana hawa watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo wino wa sifa haujakauka, matabibu wakaanza kuandika mambo mengine: baadhi ya wagonjwa waliotiwa dawa hiyo kwa wingi walikosa usingizi, walijawa na furaha isiyo na kiasi, kisha huzuni, na wachache walipotewa na akili hata wakaona na kusikia visivyokuwako. Kitu kilekile kilichonyoosha viungo kilikuwa kikizivuruga fikira.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Mtu anapotishika, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hupeleka ujumbe kwenye pituitari. Pituitari hutoa homoni yake katika damu. Damu huifikisha kwenye gamba la tezi zilizo juu ya mafigo. Na gamba humimina kotisoli, ambayo hufikia kilele chake baada ya nusu saa hivi. Kotisoli huliamrisha ini litoe sukari, huutegemeza msukumo wa damu, huzuia uvimbe, na huahirisha kazi zote zinazoweza kungoja, kama vile kukua na kuzaa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ni kitu cha asili ya mafuta, hupenya hadi ndani ya ubongo, huingia katika seli na kubadilisha namna seli hiyo inavyofanya kazi. Ubongo nao, uonapo kotisoli imetosha, huamrisha hipothalamasi inyamaze, na mambo hurejea kama yalivyokuwa. Hata bila ya hatari yoyote homoni hii ina nyakati zake: hupanda alfajiri ili kutuamsha, hufikia upeo punde baada ya kuamka, kisha hushuka kidogo kidogo mpaka usiku wa manane, ambapo huwa chini kabisa.

Nisifahamike kuwa naituhumu kotisoli. Mwenyezi Mungu hakuiumba bure, na mtu asiyekuwa nayo hufa. Hali yake na akili ni mfano wa utambi wa kandili: ukiwa chini mno chumba huwa giza, ukipandishwa kwa kiasi nuru hutimia, na ukizidishwa moshi huitia chemni weusi, ikawa moto ni mkubwa na mwanga ni mdogo. Katika seli za ubongo kuna vipokezi vya namna mbili; vya kwanza huikamata kotisoli hata ikiwa kidogo, na katika hali ya utulivu karibu vyote huwa vimejaa; vya pili havijai ila inapozidi. Wasiwasi mdogo kabla ya mtihani huvijaza vile vya pili kwa kiasi tu, na mtu hukazana akakumbuka vyema. Lakini vinapojaa vyote, na kubaki vimejaa siku baada ya siku, manufaa hugeuka madhara.

Na mahali palipo na vipokezi hivyo kwa wingi kuliko kawaida ni sehemu ndogo iliyopinda, ndani ya ubongo usawa wa masikio, iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo inayoyasajili mambo mapya ili yawe kumbukumbu. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1968 na Bruce McEwen na wenziwe, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walipowatia panya homoni iliyowekewa alama ya mnururisho, wakaikuta imekusanyika hapo. Baadaye ikaonekana kwamba panya wakizidishiwa homoni hii kwa majuma kadhaa, matawi ya seli za hipokampasi, ambayo kwayo seli moja hupokea habari za nyingine, hupungua urefu na wingi. Hapa pana jambo la kuzingatia sana: hipokampasi ni miongoni mwa zile sehemu zinazoiamrisha hipothalamasi inyamaze, basi inapodhoofika, sauti ya kuzuia hudhoofika, kotisoli huzidi, na kuzidi kwake huidhoofisha hipokampasi tena. Mwenye dhiki huvutwa katika duara ambalo hakulichora yeye.

Ushahidi mwingine, ambao ningependa tuutazame kwa karibu kwa kuwa umetoka katika nchi zetu, ulichapishwa mwaka 1989. Katika kituo kimoja cha utafiti nchini Kenya tumbili waliokamatwa porini walikuwa wakifugwa kwa makundi. Na katika makundi hayo, kama ilivyo tabia ya tumbili, walikuwamo wakubwa wenye kutawala na wanyonge wenye kutawaliwa, ila tofauti na porini, mnyonge hakuwa na mti wa kukimbilia. Baadhi ya wanyonge hao walikufa bila ya ugonjwa wa kuambukiza uliojulikana. Walipopasuliwa walionekana wana makovu ya kuumwa na wenzao, matumbo yao yana vidonda, gamba la tezi zao za juu ya mafigo limenenepa kwa kazi isiyokoma, na katika hipokampasi zao seli zimeharibika, jambo ambalo halikuonekana vivyo hivyo kwa tumbili waliokufa kwa sababu nyingine. Vidonda vya tumbo na kukua kwa tezi vilikuwa vimeonekana tangu mwaka 1936 na Hans Selye, wa Montreal, katika panya aliowatesa kwa baridi, kwa majeraha na kwa sumu; jipya la Kenya lilikuwa kwamba hapakuwa na baridi wala sumu, palikuwa na ubabe wa mwenzi kwa mwenzi, nao ulitosha kufika hadi ndani ya ubongo. Mmoja wa walioandika habari hiyo, Robert Sapolsky, alikuwa pia akiwatazama nyani wa mbuga za Maasai Mara, kwa miaka mingi, akipima damu zao. Akaona kwamba kundi likiwa na utulivu, madume wanyonge ndio wenye kotisoli nyingi wakati wa mapumziko, na kundi likiingia fitina ya kugombea ukubwa, hata wale wa juu hupata sehemu yao ya adhabu.

Huenda mtu akasema kwamba mwanadamu si tumbili wala panya. Na atazame basi yaliyofanyika kwa wanadamu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, mjini St. Louis huko Marekani, watu wenye afya waliojitolea walipewa kotisoli kwa siku nne, kwa kiwango kinachofanana na kile mwili wenyewe unachotoa katika maradhi makubwa au upasuaji mkubwa. Wakasomewa kisa kifupi, kisha wakatakiwa wakihadithie. Waliopewa dawa nyingi walikumbuka machache kuliko wenzao, na walipoacha dawa kwa siku chache kumbukumbu zao zikarudi. Katika jingine lililochapishwa mwaka 2000, mjini Zurich, watu walihifadhi orodha ya maneno, na kesho yake, saa moja kabla ya kuulizwa, wakapewa kidonge cha kotisoni. Maneno waliyoyajua hayakuwatoka kwa wepesi. Wale waliopewa kidonge wakati wa kujifunza hawakudhurika hivyo. Tuyapime maana yake: elimu ilikuwa imeshaingia na ilikuwamo kichwani, lakini mlango wa kuitolea ulikuwa umefungwa.

Kwa wale walioishi na kotisoli nyingi kwa miaka, athari huenda mbali zaidi. Mwaka 1998, huko Montreal, wazee ambao kotisoli yao ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka walipatikana na hipokampasi ndogo kwa asilimia 14 kuliko wenzao ambao yao haikupanda, na walishindwa katika majaribio ya kukumbuka. Mwaka 2018 ikachapishwa habari ya watu 2,231 wa Framingham, nchini Marekani, wa umri wa wastani wa miaka 48, wasiokuwa na ugonjwa wa kusahau: waliokuwa na kotisoli nyingi asubuhi walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi na ubongo mdogo kidogo, hasa wanawake. Watazamaji wa namna hii hawawezi kuapa ni lipi lililotangulia. Walakini waliyoyaona yakiwekwa pamoja na majaribio niliyoyataja, yanaelekea upande mmoja.

Wala si hipokampasi peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo kwayo mtu hupanga, hujizuia na kuhamisha mawazo kutoka jambo hadi jambo, nayo hupungukiwa na matawi ya seli. Ilhali amigdala, ambayo ndiyo kituo cha hofu, matawi yake katika panya walioteswa huongezeka. Kwa hiyo mtu mwenye dhiki ya muda mrefu hupungukiwa na kile kinachofikiri na huzidishiwa kile kinachoogopa. Nani asiyemjua mtu wa namna hiyo, ambaye neno dogo humshtua, na jambo jepesi la kuamua humchukua siku nzima?

Ni dhiki ya namna gani ipandishayo kotisoli zaidi? Mwaka 2004 wanachuoni wawili wa Marekani walikusanya majaribio 208 wakayalinganisha, na jawabu yao inastahiki kuandikwa katika kila chumba cha waalimu. Kazi ngumu peke yake haikuwa na nguvu kubwa. Kilichopandisha kotisoli kupita vyote, na kuchelewesha kushuka kwake, ni mambo mawili yakikutana: kuhukumiwa mbele ya watu, na kutokuwa na uwezo wowote wa kuyabadilisha yatakayotokea. Kwa lugha yetu sisi, ni kutahayarishwa na kufungwa mikono. Sasa mkumbukeni mtoto aliyeinuliwa mbele ya darasa, fimbo mezani, wenziwe wanacheka, naye anatakiwa aseme hesabu ya saba mara nane. Tumemwekea yote mawili, kisha twadai akumbuke. Kenya iliiondoa adhabu ya viboko katika shule zake mwaka 2001. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2002, iliiwekea kikomo cha viboko vinne na ruhusa ya mwalimu mkuu. Mimi nasema, kwa mizani ya elimu niliyoieleza, kwamba hata kiboko kimoja hakimsaidii mtoto kukumbuka, na kitisho cha kungojea kiboko humzuia zaidi ya maumivu yake. Na yasemwayo juu ya mtoto yasemwe pia juu ya mtumishi wa nyumbani anayetukanwa mbele ya wageni, na juu ya mdaiwa ambaye kila simu inapolia huruka.

Lipo jambo jingine, ambalo ni la hatari na lipo mikononi mwetu. Dawa zilizo ndugu wa kotisoli, kama vile prednisoloni, deksamethasoni na betamethasoni, ni neema kubwa zikiandikwa na tabibu: huokoa wenye pumu na wenye baridi yabisi, na mwaka 2020 deksamethasoni ilithibitika kuwaokoa wagonjwa mahututi wa korona. Lakini baadhi ya watu huzimeza ili wanenepe, na wengine hujipaka kila siku krimu kali za kujichubua, ule mkorogo unaouzwa vichochoroni, ambao mara nyingi hutiwa dawa za jamii hii bila ya kutajwa. Ngozi hunywa. Mwili ukishazoea dawa kutoka nje, tezi za juu ya mafigo huacha kazi na kusinyaa; uso huviringana, usingizi huondoka, moyo hufadhaika. Na mtu akiziacha ghafla, tezi zilizolala haziwezi kuamka siku ile ile, na anaweza kuanguka hata akafa. Basi aliye katika hali hiyo asizitupe dawa kwa siku moja. Aende kwa tabibu amweleze kweli yote, ili apunguziwe kidogo kidogo. Na muuguzi atakayempokea asimcheke wala asimhubirie, kwani izara ndiyo iliyomficha mpaka leo.

Nimesema tangu mwanzo kwamba dhara hili aghalabu hupona, na sharti nilipe deni hilo. Huko Michigan wagonjwa wa maradhi yale yaliyoelezwa na Cushing walipigwa picha za ubongo kabla ya kutibiwa na baada yake. Ilipochapishwa habari yao mwaka 1999, ilionekana kwamba kotisoli ilipopungua hipokampasi ilikua, kwa wastani wa asilimia 3 hivi, na kwa baadhi yao hadi asilimia 10. Wanafunzi wa udaktari walioshindwa kuhamisha mawazo yao kwa wepesi baada ya mwezi mmoja wa kujitayarisha kwa mtihani mkubwa, walipopimwa tena baada ya mwezi wa mapumziko walikuwa sawa na wengine. Habari hiyo ni ya mwaka 2009. Katika habari iliyochapishwa mwaka 2011, wazee waliokwenda kwa miguu kwa dakika 40, mara tatu kwa juma, mwaka mzima, waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa asilimia 2, ilhali wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu walipungukiwa. Usingizi nao una fungu lake, kwani mtu aliyenyimwa usingizi usiku mmoja, kotisoli yake jioni ya pili huwa juu wakati ambapo ingepasa kuwa inashuka. Si kila mtu hurudi kamili. Miongoni mwa waliougua miaka mingi wapo wanaobakia na kasoro za kumbukumbu hata baada ya kupona, na hiyo ni hoja ya kuharakisha matibabu.

Matembezi na usingizi, mabibi na mabwana, ni mambo ambayo mtu aweza kujifanyia. Lakini tumbili wale wa Kenya walikosa usalama kutoka kwa wenzao. Kwa hivyo sehemu kubwa ya dawa haimo katika mkono wa mgonjwa, imo katika mikono ya waliomzunguka: mume, mwalimu, bwana wa kazi, mdai. Ningependa kila aliyepo hapa amtafute katika fikira zake mtu mmoja aliye chini ya amri yake, ambaye siku hizi amekuwa msahaulifu, mzito wa kuamua, mwepesi wa kulia au kughadhibika, na kabla ya kumwita mzembe amuulize, kwa faragha na kwa upole, nini kinachomtisha. Kisha aangalie kama yeye mwenyewe ni sehemu ya kitisho hicho, na ikiwa ndivyo akiondoe. Na mwalimu anayetaka jibu kesho asubuhi amwache mtoto akae, ampe muda, amwulize peke yake, na amwonyeshe kwamba akikosea atafundishwa tena. Jibu lililomo kichwani litatoka, na lisilokuwamo litapata nafasi ya kuingia.